Marekebisho Madogo

Mashine yetu haikufa kwa kishindo. Kwanza herufi zilichelewa kutokea kwenye skrini, kama mtu anayesita kujibu swali. Kisha skrini zote mbili zikasimama, na kilichokwisha kuandikwa kikabaki pale kimeganda, hakiendi mbele wala hakifutiki. Niliizima, nikahesabu mpaka thelathini, nikaiwasha tena, nayo ikaamka kana kwamba haijawahi kuugua. Siku ya tatu au ya nne ilikwama tena.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, Nyasubi, mjini Kahama, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo mradi wetu wa kutafuta madini ulikuwa umeikodi. Mradi wenyewe ulikwisha zamani na jina lake halina haja hapa. Vibarua walichimba vishimo vifupi kutoka Segese hadi Runzewe, udongo ukatiwa katika mifuko ya kitambaa, ukapelekwa maabara, na majibu yakarudi kwetu yameandikwa kwa mkono, hapa mjini au kambini Segese, katika fomu zenye vumbi na alama za vidole. Makarani wawili waliziingiza namba hizo katika kompyuta, mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Mimi nilikuwa mwangalizi wa kompyuta. Nilikuwa na shahada ya hisabati, nilikuwa nimepelekwa ng'ambo miezi tisa kujifunza mashine zile, na umri wangu ulikuwa miaka ishirini na sita. Wote waliniita Mtaalamu, hata mlinzi aliyekuwa na umri wa baba yangu.

Fundi mgeni aliyeifunga mashine alikuwa ameondoka mkataba wake ulipokwisha, akaniachia ufunguo wa chumba chenye kiyoyozi na rundo la karatasi lililofika gotini. Karatasi zile zilikuwa maandishi ya programu ya kiini cha mfumo endeshi. Ndani ya kompyuta kuna programu moja inayozisimamia nyingine zote, na ndani ya hiyo kuna kiini, sehemu ambayo ikikosea hakuna aliye juu yake wa kuikosoa. Skrini tulizoletewa zilikuwa za kampuni nyingine, si zile ambazo kiini kilizijua, kwa hiyo ilibidi mtu aandike sehemu mpya ya kuziunganisha. Niliiandika mimi. Ilinichukua miezi miwili, na ilipofanya kazi niliweka juu yake herufi za mwanzo za jina langu, ingawa hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo.

Karani wa asubuhi alikuwa mwanamke wa Kisumbwa aliyekaribia miaka hamsini, mjane, aliyewahi kuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Tulimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi. Hapa nitasema Mama tu. Karani wa alasiri alikuwa kijana wa mjini, mtoto wa mwenye duka, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa ulimi. Zamu zilipopishana saa saba mchana, utani wao ulisikika mpaka barabarani.

"Mama, umeiua tena! Leo umeilisha nini?"

"Nimeilisha namba wanazoandika kambini kwa miguu."

"Mikono hiyo ni ya kupalilia pamba. Kibodi si jembe, Mama."

"Na yako ya kupima sukari dukani kwa baba yako. Ndiyo maana sifuri zinakuponyoka."

Sote tulicheka, naye alicheka kuliko wote. Lakini alikuwa anasema kweli. Kijana akikutana na namba isiyosomeka aliingiza ile iliyomjia kichwani, akaendelea. Mama hakufanya hivyo. Akifika katikati ya fomu na kuona saba inayofanana na moja, alibonyeza kitufe cha kufuta fomu nzima, akaiweka karatasi kando, akainuka kwenda kumuuliza aliyeiandika, na kama huyo yuko Segese, karatasi ilisubiri lori. Kwa siku moja alifuta fomu nyingi kuliko kijana kwa mwezi. Niliyaona hayo kila asubuhi kupitia kioo cha mlango wangu, na sikuyaona kuwa ni habari.

Mkuu wa ofisi, mtu wa pwani asiye na maneno mengi, aliniita siku moja baada ya skrini kuganda mbele ya wageni kutoka makao makuu.

"Mtaalamu, sababu ni nini?"

Nilikuwa na daftari la mashine mkononi, lile ambalo kila tukio liliandikwa pamoja na saa yake. Nilikuwa nimelipitia, na nilikuwa nimeona kwamba karibu kila mara mashine ilikwama asubuhi, Mama akiwa kwenye kibodi.

"Inakwama zamu yake," nikasema.

Maneno matatu tu, na yote yalikuwa ya kweli.

"Ana tatizo gani?"

Hapa ningeweza kusema sijui. Sikuwa nimewahi kulisema neno hilo katika ofisi ile, na niliogopa jinsi ambavyo lingesikika. "Pengine anabonyeza kwa nguvu," nikasema. "Au vitufe viwili kwa pamoja. Mikono iliyozoea taipureta ni mizito."

Wakati nayatamka nilijua kwamba hakuna nguvu ya kidole inayoweza kukiua kiini cha mfumo. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Nilijiambia kwamba nilisema "pengine".

Wiki ile ile Mama akahamishiwa kambi ya Segese, kwenye ghala la mifuko ya udongo, kazi yake ikiwa kufunga lebo. Hakugombana. Aliuliza kitu kimoja tu, naye aliniuliza mimi: "Na ile nafasi ya Dar?" Mradi ulikuwa na nafasi moja ya kozi ya miezi sita kwa karani wa kompyuta, na atakayekwenda angerudi kuwa mwajiriwa wa kudumu. Mpaka siku ile sote tulijua kwamba nafasi hiyo ni yake. Nilimjibu kwamba jambo hilo liko kwa mkuu.

Mashine haikukwama tena. Wiki moja ikapita, wiki mbili, ya tatu. Kijana alifanya kazi zamu zote mbili, akaipigapiga kompyuta mgongoni kama ng'ombe aliyeshiba, akatangaza kwa kila aliyeingia kuwa ugonjwa ulikuwa mikono ya Mama. Mkuu akanitazama kwa heshima mpya. Nami nikaanza kuamini uongo wangu, maana ulikuwa na ushahidi.

Kisha mlinzi wetu akafiwa na mkewe, na siku ya kuanua matanga tulikwenda ofisi nzima. Mama alishuka na lori kutoka Segese, kwa sababu katika mtaa ule yeye ndiye aliyekuwa mtunza vyombo. Msiba ukitokea, kila nyumba huleta sufuria, bakuli, sinia, hata vijiko, na vitu vya nyumba thelathini hupikiwa katika moto mmoja. Lazima awepo mtu wa kuvijua. Yeye alifunga uzi wa rangi yake kwenye mkono wa kila chombo na kuandika katika daftari la shule kimetoka kwa nani. Na matanga yakiisha alikaa kwenye kigoda karibu na jiko, vikapita mbele yake kimoja kimoja mpaka cha mwisho kitoke.

Nilikuwa nimekaa mkekani na wanaume wengine, hatua chache kutoka pale, adhuhuri, sahani ya wali mbele yangu. Binti mmoja alikuja na bakuli la udongo lililopasuka ubavu.

"Mama, hili limepasuka. Nilitupe?"

"Lete."

"Halifai tena, Mama."

"Kwa kupikia halifai. Kwa kurudishwa linafaa."

"Sasa mwenyewe atafanyia nini kigae?"

"Hayo ni yake. Mnavitupa huko nyuma kimya kimya, msiba ujao watu wanakuja kuazima, hakuna vyombo, na hakuna ajuaye vimekwenda wapi." Akalichukua bakuli, akakaza uzi wake. "Kizima hata mtoto anakirudisha, mwanangu. Kilichopasuka ndicho kinachotaka mtu mzima."

Wanawake wakacheka. Mimi niliacha kutafuna.

Nieleze kwa wasiojua kazi hii. Kumbukumbu ya kompyuta haitoshi kamwe, na ya mashine ile ilikuwa ndogo kuliko ile iliyomo leo katika saa ya mkononi. Kiini kilikuwa na akiba ya vipande vya kumbukumbu. Karani akifungua fomu, kiini kinamwazima kipande kimoja cha kushikia anachoandika. Fomu ikikamilika na kuhifadhiwa kwenye diski, kipande kinarudi akibani. Hayo niliyaandika vizuri. Lakini je, fomu isiyokamilika? Fomu iliyofutwa katikati?

Niliondoka kabla ya dua ya mwisho, jambo ambalo peke yake ni aibu, nikatembea juani mpaka ofisini. Nilikaa sakafuni katika chumba cha mashine nikafunua rundo la karatasi mpaka kwenye ukurasa wenye herufi za jina langu. Sikuhitaji dakika kumi. Fomu ikifutwa, maandishi yangu yalisafisha skrini, yakazima taa ndogo ya kibodi, yakatoka kwa mlango wa pembeni. Kipande hayakukirudisha. Kilibaki nje, hakishikwi na mtu wala hakihesabiwi, mpaka mashine izimwe.

Nilikwenda kwenye kibodi nikafungua fomu, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Idadi ya vipande vilivyobaki ikapungua kimoja. Nikarudia. Ikapungua kingine. Nilirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila nilipobonyeza nilikiona kidole cha Mama. Kwa kijana mashine haikukwama, maana kila alichoazima alikirudisha kwa kukamilisha fomu, hata kwa uongo. Mama aliyekataa kuandika asichokiona ndiye aliyekausha akiba, na ilipokauka ilikuwa mbele yake. Daftari langu halikudanganya: ilikuwa kweli inakwama zamu yake. Ilikwama kwa uaminifu wake, kupitia kosa langu.

Niliongeza mstari mmoja. Kiini kilichukua saa nzima kujengwa upya. Nikawasha, nikafungua fomu, nikaifuta, na idadi ikabaki palepale. Lazima niseme nilichohisi kwanza, ingawa kinanitia haya kuliko mengine: nilifurahi. Nilisimama peke yangu katika chumba kile cha baridi nikapiga kofi moja. Kazi ilikuwa safi, na mstari wenyewe ulikuwa mzuri. Nilipolishika daftari la mashine, kalamu mkononi, ndipo nikakumbuka kwamba kuna mtu Segese anafunga lebo kwenye mifuko ya udongo.

Niliandika: "Marekebisho madogo kwenye sehemu ya skrini."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Jina la atakayekwenda kozi lilipaswa kuondoka kwa basi la Ijumaa, nami nilijua. Jumatano mkuu alikuwa Shinyanga mjini, na kutokuwepo kwake nilikupokea kama zawadi. Alhamisi nilibisha hodi mlangoni kwake, nikiwa nimejifunza sentensi yangu kwa moyo: Mzee, kosa lilikuwa langu. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake.

"Karibu, Mtaalamu. Unajua, katika ofisi hii wewe ni mtu pekee ambaye sina haja ya kumkagua."

Nikamwomba karatasi za kuchapishia.

Ijumaa bahasha iliondoka na jina la kijana.

Mama alikuja wiki iliyofuata, juu ya lori lenye mifuko, kichwa kimefungwa kitambaa chenye vumbi jekundu. Nilimkuta barazani akiihesabu mifuko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mtaalamu. Mashine imepona?"

"Imepona."

"Wabeja, asante kwa Mungu. Ilikuwa inaumwa nini?"

Aliuliza kama mtu anayeulizia hali ya ng'ombe wa jirani, bila mtego. Alikuwa anafunga fundo la mfuko, na mikono yake haikuwa mizito hata kidogo. Fundo lilijifunga lenyewe.

"Umeme," nikasema. "Jenereta ilikuwa inayumba."

"Kwa hiyo si mikono yangu."

"Labda si mikono."

"Labda," akasema, akavuta mfuko mwingine.

Ningependa kuishia hapo, na kwa miaka mingi nilipojisimulia kisa hiki nilikiishia hapo, kwa sababu hapo hasara ni nafasi ya kozi tu. Lakini neno nililolirusha ofisini halikubaki ofisini. Nilikuwa nimezaliwa mkoa uleule, nilijua vizuri kuliko mkuu wetu wa pwani nini hufuata mwanamke mjane wa makamo akisemwa kwamba mkono wake unaua kitu. Kijana alirudi kutoka Dar, mradi ukafungwa, akafungua duka lake pale Nyasubi, na kisa cha mashine iliyokaushwa na mikono ya Mama kikawa utani wake wa kila siku wa kuwachekesha wateja. Waliokisikia kama utani walikipeleka nyumbani, na nyumbani hakikuwa utani tena.

Nilirudi Kahama baada ya miaka minne, muongo ukielekea ukingoni, wakati huo nikifanya kazi Dar es Salaam. Nilisema nakwenda kuwasalimu wazazi. Nilimkuta Mama nyumbani kwake, akichambua kunde katika ungo, amekonda. Nyumba ya tatu palikuwa na msiba, moshi unaonekana, wanawake wanapita na masufuria vichwani. Hakuna aliyepita kwake.

"Hujaenda kwenye vyombo?" nikauliza.

"Kuna mtu mwingine siku hizi." Akaendelea kuchambua. "Wanasema chombo kikipita mikononi mwangu hakirudi kizima. Wanasema kwa upole. Sina ugomvi nao."

Nikamwambia. Sikuwa nimeipanga namna ya kusema, nikasema ovyo, kuanzia mwisho: mstari, kitufe, kipande, Jumanne, Alhamisi, bahasha. Alisikiliza huku mikono imesimama juu ya kunde. Nilipomaliza aliniuliza swali ambalo hakuna mhandisi aliyewahi kuniuliza vizuri kuliko yeye.

"Ningeacha kukibonyeza kile kitufe, isingekwama?"

"Isingekwama. Lakini zingeingia namba za uongo."

"Basi ningekibonyeza tu." Akatikisa ungo, akapuliza maganda. "Umeniambia mimi. Mimi mikono yangu naijua tangu nizaliwe. Hujamwambia ambaye haijui."

"Nani, Mama?"

"Nenda dukani."

Nilikwenda. Duka lilikuwa na wateja watano au sita, na kijana, sasa mwanamume mwenye kitambi, aliponiona alifungua mikono.

"Mtaalamu! Jamani, huyu ndiye mwenye ile mashine! Muulizeni, kama mimi mwongo!"

"Ndiyo nimekuja kwa habari hiyo," nikasema. "Mashine haikukwama kwa sababu ya Mama. Niliiharibu mimi. Nilikosea katika kuandika programu, nikamsingizia."

Kijana akacheka, akanipiga begani kupitia juu ya meza ya duka.

"Mnaona msomi alivyo na huruma? Ametoka kumsalimu bibi wa watu, moyo umemlainika! Mtaalamu, wewe kukosea? Wewe?"

Wateja wakacheka naye, kwa adabu, kama watu wanaomstahi mgeni. Nilisema tena, kwa sauti kubwa zaidi. Mzee mmoja akaniambia, "Umefanya vyema, mwanangu, kumfichia aibu mtu mzima," akachukua chumvi yake akaondoka. Cheo nilichokiogopea siku ile mbele ya mkuu kilikuwa kimesimama sasa kati yangu na kweli yangu, na sikuwa na jinsi ya kukivua.

Nilirudi kwa Mama nikamweleza. Hakushangaa.

"Siku ile uliyoiponya, uliandika nini katika daftari la mashine?"

"Marekebisho madogo."

"Kaandike upya," akasema. "Maneno ya mdomo wameyacheka. Kaandike kama ilivyokuwa."

Nilimwahidi. Daftari lilikuwa limekwenda na mradi, sijui katika ghala la nani, na nililifanya hilo kuwa udhuru kwa miaka mingi, kana kwamba nchi hii ina daftari moja tu. Nimepata habari kwamba alifariki, na kwamba siku ya mazishi yake vyombo vilipungua, na hakuna aliyejua vimekwenda wapi. Leo nina umri wa kumzidi alivyokuwa nilipomsingizia. Ninaandika upya, kama alivyoagiza, kwa mtindo wa daftari lile:

Jumanne, saa tisa alasiri. Mashine ilikuwa ikikwama kwa kosa la mwangalizi, katika sehemu aliyoiandika na kuitia herufi za jina lake. Fomu ikifutwa, kipande cha kumbukumbu hakikurudishwa. Kosa limeonekana kwa msaada wa karani wa asubuhi, ingawa hakuambiwa. Karani alikuwa akifanya kazi yake sawasawa. Mikono yake haina neno.